Mlango wa motahomu umekunjamana: namna ya kuutengeneza ukija likizo Unguja

Motahomu, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, ya miaka ishirini iliyotoka Uingereza au Ujerumani haiizoei Unguja kwa wepesi. Injini haina neno, mafundi wetu wanaimudu. Kinachoanza kusalimu amri ni milango ya ndani: wa choo, wa kabati la nguo, na ule unaotenga kitanda. Unaliacha gari Bububu au Fumba kwa jamaa, unarudi kazini ughaibuni, na mwakani ukifungua unakuta ganda la mlango limejikunja kama kanga iliyoanikwa bila kukung'utwa.

Jua kwanza umeshika nini. Mlango huu si wa mbao kama tunavyoujua sisi. Pembeni una fremu nyembamba ya mbao laini, katikati karatasi ngumu iliyopangwa vyumba vyumba au povu, na kila upande plaiwudi ya kama milimita 3. Juu ya plaiwudi ndipo hubandikwa ganda lenyewe, ambalo ni vinyli nyembamba au karatasi iliyochapwa sura ya mbao. Umetengenezwa hivyo makusudi, uwe mwepesi.

Seremala wa Unguja, aliyekua akitazama milango ya Mji Mkongwe, akiunyanyua kwa mkono mmoja atacheka. "Sheikh, huu nao mlango? Nikuchongee wa mninga." Mshukuru, kisha kataa. Mlango wa sentimita 55 kwa 180 wa mninga mtupu, unene sentimita 3, unakaribia kilo 19. Huo ulio nao haufiki hata nusu ya uzito huo. Bawaba zake zimeshikwa na skrubu fupi kwenye ukuta ambao nao ni plaiwudi, na matuta machache ya barabarani yatazing'oa pamoja na kipande cha ukuta.

Mikunjo huletwa na joto na unyevu vikifuatana. Gari lililofungwa juani wakati wa kaskazi hupita digrii 50 ndani. Gundi ya zamani hulainika, na vinyli iliyozeeka hujivuta pale na kulegea hapa. Halafu masika yanaingia. Plaiwudi inakunywa unyevu na kuvimba, ganda la plastiki halivimbi nayo, na gundi iliyokwisha kulainika haina tena nguvu ya kuvishika pamoja. Ndiyo maana mlango wa choo huharibika zaidi, tena kuanzia chini.

Kwa hiyo uchunguzi uanze ungali huko uliko, usije ukafika na vifaa visivyohusika. Mtumie kijana anayekuangalizia gari ujumbe wa sauti: "Mwanangu, usiku shika tochi ubavuni mwa mlango, usiumulike kwa mbele, upige picha. Halafu gonga kwa kifundo cha kidole kutoka juu mpaka chini, uniambie wapi pamebadilika mlio. Mwisho bonyeza sehemu za chini kwa dole gumba." Mwanga wa ubavuni hauachi mkunjo hata mmoja ujifiche. Ganda likibonyea na kurudi kama kibofu, na chini yake pagumu, limebanduka tu. Dole gumba likizama, au pakiwa na weusi na harufu ya uvundo, plaiwudi imeoza na hakuna gundi itakayokusaidia.

Muulize pia maji yanaingilia wapi. Mara nyingi ni kwenye tundu la hewa la paa, raba ya dirisha, au bomba la choo lililolegea. Hili halina mjadala: ziba kwanza, mlango baadaye. Usikubali silikoni ya bafuni ipakwe juu ya paa, kwani haikai vizuri juu ya masalia ya zamani, na ikishapakwa hakuna kitu kingine kitakachoshika mahali hapo mpaka ikwanguliwe yote.

Kuhusu msimu, ukiweza kuchagua njoo wakati wa kusi, Juni mpaka Septemba, upepo upo na mvua ni chache. Desemba inawezekana vuli ikiwa imeondoka mapema. Aprili njoo usalimie wazee, gundi iache.

Mizigo nayo ina lake. Gundi ya mpira na gundi ya kupuliza ya kopo zinashika moto, na ndegeni haziruhusiwi, si kwenye begi la mkononi wala la chini. Watu wengi wa kwetu hunyang'anywa vitu hivi uwanjani na kubaki wakinung'unika. Beba vinyli mpya ikiwa imeviringishwa kwenye mrija wa karatasi ngumu, vitasa vya kubonyeza, bawaba na ukanda wa pembeni, maana hivyo ndivyo vigumu kupatikana kwetu. Gundi, msasa, plaiwudi na bomba la sindano utavipata Darajani au Mwanakwerekwe. Aliye Pemba atazame kwanza Chake Chake kabla ya kuagiza Unguja.

Siku ya kwanza usitengeneze chochote. Ng'oa mlango, toa kitasa, ulaze juu ya vipande vya mbao kivulini, penye upepo au mbele ya feni, na uugeuze asubuhi na jioni. Usiuweke juani ili ukauke upesi: upande mmoja utawahi kukauka na mlango utapinda, na mlango uliopinda ni kazi ngumu kuliko uliokunjamana. Upe siku kadhaa. Hapo ndipo penye mtihani wa likizo, kwa sababu kila mtu ana haraka na ndugu wa kutembelewa ni wengi. Ukibandika juu ya plaiwudi yenye maji, mikunjo itarudi hata kabla hujapanda ndege.

Ukishakauka, mikunjo midogo haihitaji kubandua kitu. Ipashe kwa draya ya nywele na uikandamize kwa kitambaa. Ikilala na kukaa, umemaliza. Isipokaa, jaribu pasi ikiwa kwenye alama ya nailoni, huku umetandika kitambaa cha pamba, lakini anza kwenye kona iliyojificha upande wa bawaba, kwani vinyli ikizidiwa na joto hung'aa au hujikunja moja kwa moja. Pasi ikishindwa, chana kwa wembe mstari mfupi unaofuata michirizi ya mbao iliyochorwa, uingize gundi nyeupe ya mbao kwa sindano, kidogo sana. Gundi hiyo hukauka kwa kupoteza maji, na chini ya plastiki maji hayo hayana pa kutokea ila kuingia kwenye plaiwudi uliyohangaika kuikausha. Sukuma iliyozidi kwa chupa ya duara, futa, tandika nailoni, kisha ubao ulionyooka, na juu yake gunia la mchele. Uache hadi kesho yake, na hali ya hewa ikiwa nzito, siku mbili.

Mikunjo ikiwa imetapakaa mlango mzima, kuchomachoma sindano ni kujichosha. Bandua ganda lote. Lipashe kona, livute polepole ukilirudisha juu yake lenyewe, si kulivuta kuelekea kwako, ili lisiondoke na nyuzi za plaiwudi. Masalia ya gundi yakwangue, piga msasa namba 120 kisha 180, futa vumbi, na upake gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji ili uso uache kunywa. Ikauke kabisa.

Ganda jipya liwe la namna gani? Vinyli ya kujibandika ni rahisi kuliko zote, na kwa mlango wa kabati inatosha. Kwa choo napendelea ngozi bandia ya mafundi makochi, kwa kuwa unene wake huficha makovu na haioneshi kila kikwaruzo. Fomeka, lile bamba gumu linalobandikwa juu ya meza, ni imara, ila inaongeza uzito. Chochote utakachochagua, weka pande zote mbili. Ukifunika upande mmoja kwa kitu kisichopitisha unyevu na mwingine ukaachwa na karatasi yake kuukuu, mlango utapinda masika yajayo.

Ngozi bandia na fomeka hutaka gundi ya mpira, ile ya manjano ya mafundi viatu. Uliza ile inayostahimili joto, wanayotumia wanaobandika vitambaa vya paa za magari, kwa maana ya kawaida hulainika gari likipata jua. Paka mlango na ganda, pande zote mbili zinazokutana, subiri kama dakika 15 mpaka isishike kidole. Ikionekana kufanya ukungu mweupe, ni unyevu wa hewa umetua juu yake: ngoja upotee. Gundi hii haikupi nafasi ya pili ikishagusana, hivyo panga vijiti kati ya ganda na mlango, uvitoe kimoja kimoja huku ukikandamiza kutoka katikati kwenda nje. Kazi hii ifanyike uwanjani, mbali na jiko na sigara. Anayekusaidia asivute huku akikuhadithia mpira.

Pakiwa pameoza chini tu, kata ngozi ya plaiwudi mpaka ufike palipo pazima, badilisha kipande cha fremu, na utie plaiwudi mpya ya unene uleule. Mlango mzima ukiwa umekwisha, seremala ataunda mwingine kwa muda mfupi: fremu laini, plaiwudi mbili za milimita 3, na katikati lile povu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya televisheni. Mwambie povu hilo alibandike kwa gundi nyeupe. Gundi ya mpira hulila likabaki matundu.

Kabla ya kuurudisha, paka vanishi kingo zote nne, hasa ule wa chini ambao kiwandani mara nyingi huachwa mtupu. Skrubu za bawaba zikiwa zinazunguka bila kushika, jaza tundu kwa vijiti vya meno na gundi ya mbao.

Gari likibaki nyuma yako, lijengewe banda la makuti lililo wazi pande zote. Turubai lililofungwa kabisa huhifadhi mvuke. Tundu la paa libaki wazi kidogo, liwe na wavu wa mbu, milango ya ndani na makabati yasifungwe, na kijana afungue madirisha siku kavu na kuyafunga kabla ya magharibi. Magurudumu yakae juu ya saruji, mchwa wasipate njia. Na banda lisiwe chini ya mnazi. Dafu moja likianguka juu ya paa la faiba, utarudi kutafuta maji yanaingilia wapi.