Kumhoji mzee mwenye hekima: kwa mwanafunzi wa falsafa

Anayetaka kuwa mwalimu wa falsafa huku kwetu Nyanza, magharibi mwa Kenya, mimi humwanzisha na Odera Oruka, mwanafalsafa Mkenya. Alisomea Uppsala, Sweden, na Detroit, Marekani, akarudi kufundisha Nairobi. Waliodai kwamba Afrika haina falsafa kwa kuwa haikuandika, aliwajibu kwa kuwaendea wazee vijijini na kuwahoji. Baba yake mwenyewe yumo miongoni mwa wazee hao katika kitabu chake cha 1990, Sage Philosophy.

Ukitaka kuwahoji wazee kama yeye, chukua leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kisha piga ripoti kwa chifu. Nenda asubuhi na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Mpe mama wa boma, zisionekane kama malipo ya mazungumzo. Mzee atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Mjibu bila haraka. Kabla ya kuwasha simu kurekodi, omba ruhusa.

Sasa maswali. Oruka alitofautisha aina mbili za wazee wenye hekima: mmoja anazijua mila na kuzieleza vizuri, mwingine anazipima kwa akili yake, hata kuzipinga. Swali la kwanza halikuonyeshi ni yupi umekaa naye.

Karibu na Yala nilimuuliza mzee mmoja kwa nini binti hapewi shamba. Akasema binti huolewa. Nikaandika, nikashukuru, nikapanda bodaboda. Usiku nikisoma daftari niliona nimebeba mila tu, yeye mwenyewe sijamsikia. Wiki iliyofuata nikarudi: "Na asiyeolewa, mzee? Na aliyeachika akarudi?" Akanyamaza, akawa anakwangua tope kwenye fimbo yake kwa ukucha. Kisha akasema mtu hupewa shamba ili ale, na tumbo haliolewi. Tukaendelea hadi chakula cha mchana.

Kwa hiyo uliza mara ya pili, na kimya kile usikikate. Usimsaidie jibu, wala usimtajie Katiba ya 2010 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika ardhi. Unatafuta sababu zake yeye. Nakili kwanza kwa Kiluo, neno kwa neno, na uonyeshe aliponyamaza. Tafsiri baadaye.

Ukimaliza, rudi umsomee. Nakusihi, hatua hii usiiruke hata kama msimamizi wako anakuharakisha. Yule mzee wa Yala alinisimamisha mahali nilipoandika "mila yetu inasema". Akaniambia nifute, niandike: "Mimi nasema."