Fleti ya Dubai: fanya hivi kabla hujatuma hata mia

Juzi hapa Dodoma kijana mmoja wa suti katuonyesha video za maghorofa ya Dubai, juisi ya bure, akasema atakayetoa laki tano leo ameshashika nafasi, binamu yangu akatuma palepale kwa simu, jina likaja la mtu binafsi kabisa. Ndo maana naandika.

Kwanza muombe dalali namba ya kadi yake ya udalali ya Dubai, leseni ya biashara ya hapa haihusiani. Kule madalali wanasajiliwa na RERA, kitengo cha Idara ya Ardhi ya Dubai. Pakua apu ya idara inaitwa Dubai REST, hakiki namba uone jina linakuja la nani. Akisema yeye ni wakala wa wakala basi akupe namba ya bosi wa kule, akianza kuzungukazunguka we maliza juisi uondoke.

Humohumo tafuta mradi, angalia kampuni inayojenga, imefika wapi, na akaunti ya eskro, yaani akaunti maalumu ya benki inayotunza hela za wanunuzi wa mradi. Hapa tulieni. Nyumba inayouzwa kabla haijajengwa, Sheria namba 8 ya 2007 inataka kila mradi uwe na akaunti yake benki, hela za wateja ziingie huko na zijenge mradi huohuo tu, ujenzi ukiisha asilimia 5 inazuiwa humo mwaka mzima kwa ajili ya kasoro. Sasa ulinzi wote huo unafuata hela, ukimpa mtu mkononi hapa Area D kule haijaingia kitu, watakutetea kwa lipi? Lipa kwenye eskro ya mradi, tunza risiti.

Ukishasaini mkataba dai usajili wa Oqood, yaani daftari la idara la nyumba zinazouzwa kabla hazijajengwa, jina liwe kama la kwenye pasipoti. Sheria namba 13 ya 2008 inasema mauzo yasiyosajiliwa ni batili. Ada ya idara ni asilimia 4 ya bei, iweke kwenye hesabu mapema, madalali wengi hawaisemi.

Kama huendi mwenyewe, hati ya uwakilishi inaanzia kwa wakili, Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa Emirates Dar (SGR ipo, siku moja tu), kule inatafsiriwa Kiarabu.

Na wakikutamanisha na goldeni viza, ile ya kuishi kule muda mrefu, hiyo inaanzia nyumba ya dirham milioni 2.

Binamu kaniambia jana kamuuliza kijana namba ya kadi, kajibiwa mtandao unasumbua.