Jinsi ya kutafuta ruzuku ya utafiti ukiwa mhadhiri Mombasa: anzia kwa waliokwisha kupewa

Wahadhiri wanaokuja kwangu kutafuta fedha za utafiti huanza na swali moja: "Sasa hivi kuna tangazo gani liko wazi?" Kazi yangu ni kusaidia watafiti wa hapa Mombasa kutafuta na kuandika maombi ya ruzuku, na naliona swali hilo likiwachelewesha watu wenye fikra nzuri sana. Tangazo linapofika kwenye kundi la WhatsApp la idara, mara nyingi limebakisha wiki mbili tatu lifungwe. Mshindani wako wa Dar es Salaam au Cape Town alikuwa akilitarajia tangu mwaka uliopita. Ameshaandikiana na afisa wa programu wa mfadhili, na washirika wake wameshakubali kwa barua.

Njia ninayowaonyesha huanzia nyuma. Tafuta kwanza watu waliokwisha kupewa fedha kwa kazi inayokaribiana na yako, ujue nani aliwapa na aliwapa kiasi gani, kisha mngoje mfadhili huyo ukiwa umejitayarisha.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi tatu

Sentensi ya kwanza itaje tatizo na mahali lilipo. Ya pili iseme ni kitu gani bado hakijulikani. Ya tatu imtaje atakayelitumia jibu.

"Nataka kutafiti uchafuzi wa bahari" haimpi mfadhili chochote cha kushika. Linganisha na hii: "Maji taka yanaingia katika hori ya Tudor kutoka mitaa inayoizunguka. Haijulikani vya kutosha yanavyoathiri miche michanga ya mikoko katika misimu tofauti. Jibu litawasaidia wanaopanga mifereji ya maji taka ya mji na vikundi vya wananchi vinavyopanda mikoko." Ukishafika hapo, unaona mara moja kwamba swali lako lina milango zaidi ya mmoja. Mfadhili wa uhifadhi atalisoma kama swali la mikoko. Wa afya ya umma atalisoma kama swali la usafi. Wa tabianchi ataliona kama swali la kaboni iliyohifadhiwa ardhini. Na kwa hilo tuna mfano wa karibu, mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, kule Kwale, ambapo wanakijiji huuza hati za kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao, na mapato yake yakaenda kwenye maji na shule.

Andika mlango kila mmoja kwenye mstari wake. Utatafuta mara tatu, kwa maneno tofauti.

Hatua ya 2: Wasake waliokwisha kupewa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo watu wengi wanaparuka. Tenga siku nzima, au jioni kadhaa ukiwa na intaneti nzuri.

Anza na makala za kisayansi. Fungua Google Scholar, tafuta makala za miaka mitano iliyopita kuhusu mada yako katika Afrika Mashariki, kisha ruka matokeo na mjadala uende moja kwa moja mwisho, kwenye sehemu ya shukrani au ya ufadhili. Pale waandishi hulazimika kumtaja aliyelipa, na mara nyingi na nambari ya ruzuku. Nakili jina na nambari. Ukishapitia makala kumi na tano hivi, utaona majina yale yale yakijirudia. Hao ndio wafadhili wako wa kweli, kwa sababu wameshathibitisha kwa fedha zao kwamba mada hii wanaijali.

Kisha nenda kwenye kanzidata za wazi, ambazo zote ni bure. CORDIS ni ya Umoja wa Ulaya na inaonyesha kila mradi wa utafiti uliofadhiliwa, kiasi cha fedha, na taasisi zote zilizoshiriki pamoja na nchi zao. NIH RePORTER inafanya hivyo kwa fedha za afya za Marekani. Gateway to Research ni ya fedha za umma za Uingereza, na GrantNav hukusanya ruzuku za mifuko ya hisani ya Uingereza. Ukitafuta, usiandike "Mombasa" peke yake. Wafadhili wachache sana huandika kwa kiwango cha mji. Andika "Kenya", halafu "East Africa", halafu, kama kazi yako ni ya bahari, "Western Indian Ocean". Orodha tatu zitakazotoka hazitafanana.

Ukipata mradi unaokaribiana na wako, usome kwa makini mambo manne: kiasi cha fedha, muda, taasisi iliyoongoza, na taasisi ya Kiafrika iliyoshirikishwa. Kiasi kinakwambia ukubwa wa ombi ambalo mfadhili amezoea. Taasisi iliyoongoza ni mshirika ambaye unaweza kumwandikia barua pepe leo. Na ukiona chuo cha Kenya kimo, tafuta mhadhiri husika umpigie simu. Watafiti wa Pwani hawafichani mambo haya. Mtu aliyepitia mchakato mzima kwa kawaida hufurahi kuulizwa.

Kwa mtafiti anayeanza upande wa uhifadhi wa viumbe, tovuti ya Rufford Foundation ya Uingereza ni shule. Mfuko huo hutoa ruzuku ndogo, na kila mradi una ukurasa wake wenye maelezo na mara nyingi ripoti ya mwisho. Soma ripoti za Kenya na Tanzania. Utajua mtu mwenye fedha kidogo aliahidi nini na akatimiza nini, na hiyo ni elimu ambayo hakuna semina itakayokupa.

Wenzetu wa historia na fasihi husema hawana mfadhili. Naomba waache kusema hivyo. British Library ina mpango wa kumbukumbu zilizo hatarini, Endangered Archives Programme, ulioanza 2004, unaolipia kupiga picha za kidijitali za hati zinazoweza kupotea. Hati zenyewe hubaki katika nchi yake, na nakala huwekwa wazi kwa watafiti. Fikiria hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zilizomo katika makabati ya familia za Mji wa Kale na Lamu, zinavyoliwa na mchwa na unyevu wa pwani. Ukiingia kwenye orodha ya miradi iliyopita utajua ni aina gani ya mkusanyiko wanaoukubali na timu ya watu wangapi huhitajika.

Hatua ya 3: Weka kila kitu kwenye jedwali moja

Jina la mfadhili, mada, kiasi cha kawaida, mwezi anaofungua, mwezi anaofunga, masharti, jina la mtu aliyepewa. Wafadhili wengi hurudi mwezi ule ule mwaka hadi mwaka: ruzuku za Marie Skłodowska-Curie za Umoja wa Ulaya kwa wenye uzamivu, kwa mfano, hufungwa Septemba. Ukijua hilo mwezi wa Februari, una nusu mwaka wa kutafuta taasisi ya kukupokea.

Hatua ya 4: Tazama karibu kabla ya mbali

Kenya ina Mfuko wa Taifa wa Utafiti, NRF, uliowekwa na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Matangazo yake hayana mwezi maalumu, kwa hiyo pitia tovuti yake mara kwa mara.

Kwa watu wa bahari, wa kwanza awe WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa ukanda wetu, yenye makao yake Zanzibar tangu miaka ya 1990. Mpango wake wa MARG umewahi kulipia kazi ndogo za watafiti wachanga, na MASMA ni wa miradi mikubwa ya nchi kadhaa. Uzuri wake ni kwamba wasomaji wa ombi lako wanaijua pwani hii. Huhitaji kutumia aya mbili kueleza hori ni nini.

Karibu pia maana yake ni washirika. KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, iko Mkomani, Chuo Kikuu cha Kiufundi kiko Tudor, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na Kilifi hiyo hiyo ndiko ilikoanzia programu ya utafiti wa afya ya KEMRI-Wellcome mwaka 1989. Ombi linaloziunganisha taasisi mbili za hapa lina nguvu kuliko la mhadhiri mmoja. Na ukikosa maabara, mwenzako anayo.

Hatua ya 5: Soma masharti ya kustahiki kabla ya kuandika neno

Angalia nchi, umri wa kitaaluma (miaka tangu upate uzamivu), aina ya taasisi, na nani anaruhusiwa kuongoza. Mfano ambao watu wa hapa huukosea ni Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya wa 2021 hadi 2027. Vyuo vya Kenya vinastahili kupata fedha zake bila ruhusa maalumu. Lakini miradi yake ya pamoja inahitaji angalau taasisi tatu kutoka nchi tatu tofauti za Umoja huo au nchi zilizoungana nao kwa mkataba, na angalau moja iwe ya nchi mwanachama. Kenya haihesabiki katika zile tatu. Kwa hiyo hapo kazi yako ni kuwa mshirika anayehitajika, na mlango wake ni yule aliyeongoza mradi ulioukuta CORDIS katika hatua ya pili.

Upande wa Marekani, mambo yamebadilika sana. USAID, shirika lao la misaada, ilifungwa katikati ya 2025, na Mei mwaka huo NIH, taasisi zao za utafiti wa afya, ilitangaza kusimamisha utaratibu wa chuo cha Marekani kupokea ruzuku na kuimegea taasisi ya nje kwa mtindo wa zamani, mpaka utaratibu mpya uwekwe. Kama mpango wako unategemea njia hiyo, soma maagizo ya sasa katika tovuti yao kabla hujamwahidi mtu chochote.

Tazama pia gharama za uendeshaji za chuo. Horizon Europe huongeza asilimia 25 juu ya gharama za moja kwa moja, isipokuwa kazi za wakandarasi. NIH huipa taasisi iliyo nje ya Marekani asilimia 8. Mifuko midogo mingi haitoi kitu. Ofisi ya fedha ya chuo ikitaka asilimia ambayo mfadhili hatoi, mjadala huo ufanyike mapema, hata kabla ya bajeti kuandikwa.

Na ukiombwa ulipe ada ya kutuma maombi, au ada ya kuachilia fedha ulizoambiwa umeshinda, funga ukurasa. Ni matapeli.

Hatua ya 6: Hakikisha chuo kimesajiliwa

Fedha nyingi hupewa taasisi, na mtafiti huwa ndani yake. Umoja wa Ulaya hutaka nambari ya PIC, ya kuitambulisha taasisi, yenye tarakimu tisa. Serikali ya Marekani hutaka usajili wa SAM.gov, tovuti yake ya kuwasajili wanaopokea fedha zake, ambao ni bure, huhuishwa kila mwaka, na hutanguliwa na nambari ya NCAGE kwa taasisi za nje. Usajili huu unaweza kuchukua wiki nyingi, na kosa dogo kama jina la chuo kuandikwa tofauti na lilivyo kwenye hati huurudisha nyuma. Nenda ofisi ya utafiti leo uulize kama nambari hizi zipo na kama usajili haujaisha muda. Wewe mwenyewe jifungulie ORCID, nambari ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti. Ni dakika chache tu.

Hatua ya 7: Mwandikie afisa wa programu

Watu wetu wana haya hapa, wanaona kama ni kumsumbua mkubwa. Afisa huyu ameajiriwa kujibu maswali. Barua iwe fupi: jina lako na chuo chako, zile sentensi tatu za hatua ya kwanza, mradi mmoja waliokwisha kuufadhili unaokaribiana na wako, na swali moja mahususi, kwa mfano kama kazi ya aina hii inaingia katika tangazo lijalo. Usiambatishe pendekezo zima. Akijibu kwamba haingii, amekuokolea miezi.

Hatua ya 8: Panga tarehe kwa kurudi nyuma

Andika siku ya kufungwa, kisha hesabu kurudi: saini ya chuo, bajeti kupitishwa na ofisi ya fedha, barua za washirika, rasimu kusomwa na mtu asiye wa fani yako. Utafiti wowote utahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na unaohusu watu utahitaji pia idhini ya kamati ya maadili. Takwimu za watu binafsi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sampuli za viumbe zikienda maabara ya nje, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, lazima ihusike. Si lazima vibali vyote viwe mkononi siku ya kutuma, lakini ratiba ya mradi ivipe muda wake.

Angalia saa pia. Matangazo ya Horizon Europe kwa kawaida hufungwa saa 17:00 za Brussels, yaani saa kumi na mbili jioni kwetu wakati wa kiangazi chao na saa moja usiku wakati wa baridi yao. NIH huhesabu saa 17:00 za mahali taasisi inayoomba ilipo, kwa hiyo ukiomba kutoka Mombasa ni saa kumi na moja jioni ya hapa hapa. Tuma siku mbili kabla. Umeme ukikatika Tudor siku ya mwisho, mtambo wa kupokea maombi hautakungoja.

Jibu likija la kukataliwa, omba maoni ya wasomaji kama hayakuambatishwa. Yaingize kwenye jedwali la hatua ya tatu, mbele ya jina la mfadhili, kisha fungua mstari unaofuata: mlango wa pili wa swali lako una mfadhili wake na mwezi wake.