Upasuaji wa kifua kwa matundu madogo: somo kwa mgonjwa na anayemuuguza

Wiki hii pekee nimeulizwa mara tano: "Kweli watampasua bila kupanua mbavu?" Naandika yote mara moja, atakayeuliza mwelekezeni hapa. Mimi si daktari. Nilimuuguza mdogo wangu Kampala, kifua chake cha kulia kilikuwa kimejaa usaha, na baada yake nimekaa na wagonjwa wengine wawili kutoka huku Busia. Neno la daktari wako litangulie langu.

1. Jua kinachofanyika. Ubavuni hutobolewa tundu moja hadi matatu au manne, ya sentimita chache tu. Moja hupitisha kamera, mengine vyombo. Bado ni upasuaji mkubwa: mgonjwa hulazwa kwa nusu kaputi, pafu la upande ule huachwa linywee ili daktari apate nafasi, mgonjwa anapumulishwa kwa lile jingine.

2. Sigara acha leo. Majuma manne au zaidi kabla ya siku yenyewe ndiyo yanayosaidia.

3. Taja dawa zote, hasa za kuzuia damu isigande. Mitishamba pia.

4. Chakula kikome muda wa saa sita kabla ya upasuaji, maji matupu muda wa saa mbili kabla, ila kama umeambiwa vingine. Chai ya maziwa ni chakula.

5. Fomu utakayotia sahihi husema kifua kinaweza kufunguliwa kikamilifu wakikuta shida ndani. Usimwapishe daktari kwamba hatafungua. Akifungua, anafanya hivyo kumwokoa mtu wako.

6. CHUPA. Hapa someni polepole. Mgonjwa atatoka na mrija ubavuni, mwisho wake umezama ndani ya maji ya chupa. Hewa na uchafu hutoka kifuani, maji yanazuia hewa isirudi.

Siku ya pili tulikuwa tunampeleka mdogo wangu kupigwa picha. Mlango ulikuwa mwembamba, nikaogopa chupa isigongwe, nikaiinua hadi begani kwangu. Maji ya rangi ya chai ya rangi yakaanza kurudi ndani ya mrija, yakipanda kumwelekea yeye. Sista aliikamata chupa mkononi mwangu akaishusha sakafuni. Yale maji machafu yalibakiza kama shubiri moja kufika ubavuni. Hadi leo nikikumbuka mikono hunitetemeka.

Kwa hiyo: chupa iwe chini ya kifua saa zote, kitandani, kwenye kiti cha magurudumu, chooni. Isimame wima. Usibane mrija kwa mawazo yako, maana mapovu yakiwa bado yanatoka, hewa itajifungia ndani na kulikandamiza pafu. Mrija ukichomoka kwenye chupa, tumbukiza ncha yake ndani ya maji safi na uite. Ukichomoka kifuani, funika tundu kwa kitambaa safi na upige kelele.

7. Avute pumzi ndefu na akohoe, huku amekumbatia mto ubavuni. Kunyamaza na kupumua kidogokidogo kwa kuogopa maumivu huleta nimonia. Inapouma, aombe dawa.

8. Nyumbani: homa, pumzi kukata ghafla, kidonda kutoa usaha, rudi hospitali siku hiyohiyo.

MASWALI

Kijana wa Tororo: Ndefu sana, sijasoma yote. Bei gani?
– Uliza hospitali utakayopasuliwa. Bei ya mgonjwa mwingine haitakusaidia.

Dada wa Mbale: Mama alikuwa anaumia, nimeukunja mrija nikaufunga kwa uzi apumzike.
– Fungua sasa hivi, umwite sista. Kisha usome hatua ya 6.
– Nimefungua. Mapovu yametoka mengi.
– Hiyo ndiyo hewa iliyokuwa imefungiwa. Mwambie sista ulichofanya, usimfiche.

Afande wa Bombo: Maji yanapanda na kushuka mrijani hata bila mapovu. Ni kawaida? Na yakisimama?
– Afande, umeangalia vizuri. Akivuta pumzi, nguvu ya hewa kifuani hupungua, maji yanavutwa juu, akitoa, yanashuka. Yakisimama, ama pafu limejaa vizuri, ama mrija umeziba. Tazama kwanza kama ameulalia, halafu uite. Daktari atathibitisha kwa picha.

Hajati: Mwanangu aliugua kifua kikuu zamani. Wanasema huenda wakalazimika kufungua. Kwa nini yeye?
– Hajati, pole. Kifua kikuu huacha makovu kama nyuzi, yanagandisha pafu ukutani, kamera inakosa pa kupita. Nyuzi nyepesi hukatwa kupitia matundu yaleyale. Hans Christian Jacobaeus wa Sweden alieleza njia ya kuchungulia kifua mwaka 1910, na miaka michache baadaye akawa anakata nyuzi hizi kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Uliza picha zake zinaonyesha nini, una haki ya kuonyeshwa.

Mama Shakira: Shati la vifungo mbele, jamani. Fulana ya kuvutia kichwani ilimliza mume wangu. Na chupa tuliitia kwenye kikapu cha plastiki, haikuanguka hata mara moja.
– Kikapu sikukifikiria, ahsante. Kiwe chenye matundu makubwa, sista aone alama za chupa bila kuinyanyua.