Vyumba vya kwanza vya kupangisha Dar es Salaam: anza na mpangaji, tofali baadaye

Wengi wanaokuja kwangu kuomba ushauri huanza na bei ya tofali. Mimi huwauliza: nani atalala humo? Nina vyumba vinne vya kupangisha pembezoni mwa jiji, na kama ningeanza upya leo, ningefuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Tafuta chumba kama mpangaji

Nenda mtaa unaoutaka, mtafute dalali, mlipe muda wake akuzungushe. Tazama chumba masta (chenye choo chake ndani), chumba na sebule, na vile vya choo cha kuchangia. Uliza kipi hakikai wazi hata wiki, na kipi kina miezi hakijapata mtu, halafu uliza kwa nini. Utasikia habari za maji, umbali wa kituo cha daladala, giza la njiani usiku. Hayo ndiyo yatakayopanga bei yako.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwaka mzima

Tuseme unajenga vyumba vinne, kila kimoja Sh 80,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh 3,840,000. Toa mwezi mmoja wa kila chumba kukaa kitupu: zinabaki 3,520,000. Toa asilimia 10 ya matengenezo, na asilimia 10 nyingine ya kodi ya pango inayokwenda Mamlaka ya Mapato (TRA). Mkononi unabaki na 2,816,000. Kama kiwanja na ujenzi vimekula milioni 30, fedha yako itarudi baada ya miaka zaidi ya 10. Ukiona hesabu hiyo inakubalika, endelea. Usichukue mkopo wa miaka mitatu kwa mradi wa namna hii. Marejesho yatakukaba kabla vyumba havijazaa.

Hatua ya 3: Kikague kiwanja hadi uridhike

Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Kiwanja changu cha kwanza nilikiona Januari, udongo mkavu, muuzaji mchangamfu. Masika ilipofika Aprili, maji ya mtaa mzima yalipita katikati yake. Tangu hapo sinunui kabla sijakiona kiwanja siku ya mvua, na majirani nawauliza nikiwa peke yangu, muuzaji hayupo.

Kama kina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina la mmiliki, muda uliobaki, na kama kimewekwa rehani. Kama hakijapimwa, nenda serikali ya mtaa na ofisi ya mipango miji ya halmashauri. Wakutazamie ramani kama pametengwa kwa barabara au eneo la wazi. Muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba mliuziana mbele ya mashahidi, lakini hauwi hati. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka mtoni au baharini. Na waliokuwa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara mwaka 2017 wanajua hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa kando uliotengwa kwa ajili ya barabara, ni nini: nyumba zilibomolewa.

Muuzaji akiwa na mke au mume, mwenzi wake naye asaini. Ardhi ya marehemu iuzwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na kaka mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa.

Hatua ya 4: Jenga viwili, acha msingi wa vingine

Vyumba viwili vilivyokwisha na vyenye mtu ni bora kuliko boma lisiloezekwa la vyumba sita linaloota nyasi. Chimba karo kubwa la maji taka tangu mwanzo, maana kulipanua baadaye ni gharama na kero kwa wapangaji.

Hatua ya 5: Andikeni mkataba, hata kwa ndugu

Uandikwe kwa Kiswahili: kiasi, muda, notisi, nani anatengeneza nini. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na anayenunua umeme ni mpangaji. Deni hilo ni lako mwenye nyumba, kwa hiyo mrudishie au lipunguzwe kwenye pango lake. Kila chumba kiwe na mita yake ndogo ya umeme. Siku ya kukabidhi funguo, zungukeni wote wawili, mwandike mita inasoma ngapi, hali ya kitasa, vioo na koki, kisha kila mmoja abaki na nakala yenye saini.