Somo: Kutoka tasnifu ya korosho hadi makala ya jarida la uchumi

Wiki iliyopita mwanachama mmoja wa kundi letu alinitumia tasnifu yake ya uzamili, kurasa 140, akaniuliza aipeleke jarida gani. Tasnifu haipelekwi jaridani, ndugu zangu. Ndani yake imejificha makala moja, pengine mbili, na kazi ya kwanza ni kuitoa humo. Mada yake naipenda sana: je, stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada, imemwongezea mkulima wa korosho bei? Ameniruhusu tujifunze kwa kazi yake.

Hatua ya kwanza: bakiza swali moja

Sheria ya stakabadhi ghalani ya Tanzania ilitungwa mwaka 2005, na kwenye korosho mfumo ulianzia Mtwara msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapelekwa ghala kuu, unauzwa kwa mnada. Tasnifu inauliza kuhusu bei, mikopo, ubora, uongozi wa ushirika na changamoto. Makala haiwezi kubeba mizigo yote hiyo. Tumechagua bei.

Sasa inakuja kazi yenyewe. Kuonesha kwamba bei ilipanda baada ya mfumo kuanza hakutoshi, kwa sababu bei ya korosho ghafi inafuata soko la dunia na wanunuzi wa India na Vietnam. Huenda ingepanda hata bila mfumo. Unahitaji kundi la kulinganisha: maeneo yaliyoingia mapema dhidi ya yale yaliyochelewa, katika msimu uleule. Halafu kumbuka kwamba Mtwara haikupatikana kwa bahati nasibu; ndiko korosho nyingi zinakotoka. Kwa hiyo onesha bei za pande zote mbili kwa misimu kadhaa kabla ya mfumo. Kama zilikuwa zinakwenda sambamba, una hoja. Kama hazikuwa, ni afadhali ulijue leo kuliko kuambiwa na mpitiaji (msomi anayeikagua makala kwa niaba ya jarida) baada ya miezi minane.

Hatua ya pili: utangulizi

Hapa nitakaa kidogo, maana makala nyingi hufia hapa. Mhariri ana makala mia mezani. Anasoma ikisiri, yaani muhtasari wa makala, na kurasa mbili za mwanzo, kisha anaamua kama itakwenda kwa wapitiaji au itarudi kwa mwenyewe. Makala yangu ya kwanza ilirudi baada ya siku chache tu. Iliniuma. Nilipoisoma tena nikaona jibu la swali langu limekaa ukurasa wa kumi na saba.

Futa sentensi ya "Kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi wa Tanzania." Kila mhariri anayepokea kazi za Afrika ameshakutana nayo. Aya ya kwanza itaje swali. Ya pili ieleze umelijibuje, kwa data gani. Ya tatu itoe jibu, na liwe na namba. Baada ya hapo ndipo useme nani wameandika kabla yako na wewe umeongeza nini.

Mfano wa kusoma ni makala ya wachumi William Jack na Tavneet Suri kuhusu M-Pesa, iliyotoka jarida la American Economic Review mwaka 2014. Hawakuiandika kama habari za simu za Wakenya. Waliuliza: gharama ya kutumiana fedha ikishuka, je, familia zinasaidiana zaidi wakati wa shida? Wakakuta kaya zisizotumia M-Pesa zikipatwa na janga matumizi yao hushuka kwa asilimia 7, ilhali ya watumiaji hayatikisiki. Ushahidi ni wa Kenya, lakini swali linamhusu mchumi yeyote. Korosho zako nazo zinabeba swali la namna hiyo: mnada wa pamoja humsaidiaje mkulima mdogo mbele ya wanunuzi wachache wenye nguvu?

Hatua ya tatu: chagua jarida

Tazama marejeleo yako mwenyewe. Jarida unalolinukuu mara nyingi ndilo lenye wasomaji wako. Kwa mada hii ningefikiria Journal of African Economies, African Development Review ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, au World Development. Kuhusu yale majarida matano ya uchumi yanayoheshimika zaidi duniani, wachumi David Card na Stefano DellaVigna walionesha kwamba kiwango cha makala zinazokubaliwa kilishuka kutoka asilimia 15 hadi 6 kati ya miaka ya 1970 na 2012. Jaribu ukitaka, ila usisubiri ajira kwa tegemeo hilo.

Hatua ya nne: majedwali na data

Mfumo ulibadilika kwa wilaya nzima, basi makosa sanifu (standard errors, kipimo cha mashaka yaliyomo katika makadirio yako) nayo yakokotolewe kwa makundi ya wilaya. Wilaya zikiwa chache, tafuta njia iliyotengenezwa kwa makundi machache. Majarida ya Chama cha Wachumi wa Marekani hayataki nyota za umuhimu (zile * zinazoonesha kwamba matokeo si ya bahati tu) kwenye majedwali. Yanataka makosa sanifu ndani ya mabano. Na yanakagua data na programu zako kabla ya kuchapisha. Anza leo kuweka kila kitu kwenye folda moja, na faili moja kuu inayozalisha majedwali yote kutoka data ghafi. Kibali cha utafiti (hutolewa na tume za sayansi: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya) kihifadhi humo humo.

Hatua ya tano: kuwasilisha

Soma maelekezo ya jarida neno kwa neno. American Economic Review, kwa mfano, inataka ikisiri isiyozidi maneno 100. Weka misimbo ya JEL, yaani namba za kupanga makala za uchumi kwa mada. Kwa korosho zetu ni Q13 na O13. Kama jarida linaficha majina, ondoa lako hata kwenye taarifa za faili. Barua kwa mhariri isizidi nusu ukurasa. Na jarida moja kwa wakati mmoja, tafadhali.

Ukiambiwa urekebishe na kuwasilisha tena, furahi, mlango umefunguka. Nakili kila hoja ya mpitiaji, jibu chini yake, taja ukurasa ulipobadilisha. Usiyokubaliana nayo jibu kwa ushahidi, kwa adabu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Nimepata barua pepe ya jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya siku tano nikilipa dola 150. Nikubali?*

Marahaba. Usikubali. Hakuna mtu anayepitia makala ya uchumi kwa siku tano. Ada peke yake si dalili ya utapeli, majarida mazuri mengine hutoza, na baadhi huwapunguzia waandishi wa nchi za kipato cha chini. Dalili ni ahadi ya kukubaliwa kabla ya kusomwa.

*Msimamizi wangu anataka jina lake litangulie. Nifanyeje?*

Kwenye uchumi desturi ni kupanga majina kwa alfabeti, hivyo kutangulia si cheo. Mwendee kwa heshima, mzungumze kabla ya kuwasilisha. Kama alichangia wazo au uchambuzi, ni mwandishi mwenza. Kama alisimamia tu, mshukuru kwenye shukrani.

*Nimekataliwa mara mbili. Niache?*

Makala ya mchumi George Akerlof kuhusu soko la magari mabovu ilikataliwa na majarida matatu kabla ya kutoka mwaka 1970, na mwaka 2001 akapata Nobeli. Chukua maoni ya wapitiaji, rekebisha yaliyo ya kweli, peleka jarida linalofuata ndani ya mwezi mmoja. Mpitiaji yuleyule anaweza kuipata tena, na ataona kama hukugusa kitu.

*Mwalimu, ni mimi mwenye korosho. Nimebaki na kurasa 38. Nitumie bei ya mnada au bei ya shambani?*

Hongera, mwanangu. Tumia fedha anayobaki nayo mkulima mkononi, baada ya makato ya chama, usafiri, ghala na ushuru. Bei ya mnada sicho anachopokea. Andika pia alisubiri siku ngapi kulipwa, kwa sababu shilingi ya Oktoba siyo ya Januari kwa mwenye ada ya shule ya kulipa. Na usiwasahau wa kangomba, biashara ya korosho inayofanyika nje ya mfumo. Mkulima aliyeuza kwa bakuli kabla ya msimu hayumo kwenye vitabu vya chama, na ukitumia vitabu hivyo peke yake utakuwa umewaacha nje wale waliokuwa na shida zaidi. Rudi kwenye dodoso lako ukaangalie kama uliwauliza.