Wazazi wameachana na unajiona hufai hata mbele za Mungu? Anzia hapa

Nilikuwa na miaka 19, nipo ibadani, watu wanasali Baba Yetu, mimi neno la kwanza tu likanikwama kooni maana baba niliyemjua alibeba begi akaondoka. Kama na wewe limekukuta usijilazimishe, we muite Mungu kwa jina linalotoka, Bwana, Mchungaji, ukiwa muislamu Ar-Rahman, dua inafika tu. Mimi hilo neno nilikaa nalo miaka minne ndo likarudi.

Kazi yenyewe sasa. Chukua karatasi, andika ile sentensi inayokuchoma ukianza kusali. Yangu ilikuwa "ungekuwa mtoto mtulivu wasingeachana". Halafu jiulize hiyo sauti ni ya nani hasa, usijibu haraka. Mimi nilikaa nayo wiki nzima ndo nikakumbuka, ni ya mama, kasimama mlangoni ana hasira, nina miaka 9. Mungu hakuwahi kuniambia hivyo, ni mimi nilimvalisha sauti ya mama miaka yote hiyo! Ukishaijua chini yake andika andiko linaloijibu, Ezekieli 18:20 mwana hatauchukua uovu wa baba yake, au Qurani 6:164, hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Lisome kwa sauti kila siku, hapa usiruke jamani.

Na hii sio maneno ya kufarijiana tu, mwanasaikolojia Kenneth Pargament amechunguza miaka mingi jinsi watu wanavyoitumia dini kwenye shida, anayeona Mungu yuko naye huwa anahimili vizuri kuliko anayeona anaadhibiwa.

Wakihubiri Malaki 2:16 kuhusu kuachana na ukahisi macho yote kwako, nenda kasome kuanzia mstari wa 13 mpaka huo wa 16, wanaokemewa pale ni waume waliowatenda hila wake zao, hakuna mtoto anayelaumiwa.

Kingine, kama baba ana dini yake na mama ana ya kwake, usichague kwa kumhurumia mmoja. Sema wazi bado unatafuta, wakinuna watanuna.

Tafuta pia mtu mzima mmoja wa imani yako anayejua kusikiliza, yule wa kukukatiza na "samehe tu yaishe" muache kwanza. Ila ukifika mahali unatamani usiwepo kabisa, mwambie mtu leo hii na umuone mshauri nasaha au daktari, maombi yaendelee hukohuko.